Kununua Nyumba Mtwara Mjini: Namna ya Kuupima Mtaa Kabla ya Kutoa Fedha

Nyumba yangu ya kwanza hapa Mtwara niliinunua mwezi wa Agosti, na kosa langu lote limo katika neno hilo moja, Agosti. Kusi ilikuwa inavuma, ardhi imekauka, ua umefagiwa vizuri, na dalali alikuwa na jibu la kila swali. Mvua kubwa za Januari zilipofika, maji ya mtaa mzima yaliteremkia uani kwangu, yakapanda hadi kizingiti cha mlango wa nyuma na kukaa siku tatu. Majirani wote walijua kwamba pale ni mkondo wa maji, na yeyote kati yao angeniambia kama ningemuuliza. Sikumuuliza hata mmoja.

Tangu wakati huo nimewasindikiza ndugu na wafanyakazi wenzangu kadhaa wanapotafuta nyumba, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata pamoja nao. Sehemu kubwa inahusu mtaa kuliko nyumba, kwa sababu bati lililooza hubadilishwa, ukuta uliopasuka huzibwa na choo huchimbwa upya, lakini mtaa wenye maji ya shida, barabara isiyopitika au mgogoro wa mipaka utaishi nao kwa muda wote utakaokuwa na nyumba hiyo.

Hatua ya kwanza: ujue mji ulivyokaa

Sehemu ya kati ya Mtwara ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipoanza kujenga bandari ya kina kirefu kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga kule Nachingwea. Mpango ule ulishindwa vibaya, na reli iliyokuwa ikienda Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960, ikabaki kuwa jina la kata ya Reli. Kilichosalia na kumfaidi mnunuzi wa leo ni mpangilio: barabara pana, zilizonyooka, ambazo gari la zimamoto, gari la kunyonya maji taka na lori la mchanga hupita bila kumwomba mtu asogeze ukuta wake. Ukitoka katika sehemu hiyo iliyopangwa, mambo hubadilika mtaa kwa mtaa, na ndiyo sababu ya kuanza na ramani ya mji mzima kabla ya kuangalia nyumba yoyote.

Shangani iko kando ya bahari, ina viwanja vikubwa, miti ya kale na utulivu, na nyumba nyingi ni za serikali au za taasisi, kwa hiyo zinazouzwa ni chache na bei yake huwa juu. Ligula imezunguka hospitali ya rufaa ya mkoa, na anayefanya kazi huko hana haja ya nauli. Majengo, Chikongola, Rahaleo, Vigaeni na Magomeni ni mitaa ya watu wengi, yenye nyumba za Kiswahili zilizobanana, baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba pande mbili; humo duka, msikiti, fundi cherehani na mama muuza vitumbua wako umbali wa hatua chache. Chuno, Likombe na Ufukoni zina mchanganyiko wa nyumba za zamani na mpya. Mangamba na Naliendele ndiko wanakojenga wengi sasa, viwanja vikiwa vikubwa zaidi na hewa ikiwa nzuri, maana Naliendele imeinuka takriban mita 120 juu ya usawa wa bahari. Mikindani, umbali wa takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Lindi, ni mji wa kale wenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na nitaurudia baadaye kwa sababu una masharti yake.

Ninapoulizwa nichague, huwa namshauri mtu mwenye umri mkubwa, au yeyote asiye na gari, anunue nyumba ndogo Majengo au Chikongola kuliko nyumba kubwa pembezoni. Nyumba kubwa ya pembezoni huvutia sana siku ya kuionyeshwa, lakini baada ya mwaka mmoja hesabu ya bodaboda za kwenda sokoni, shuleni na kliniki huwa imekula kile kilichookolewa kwenye bei.

Hatua ya pili: utembelee mtaa mara nne

Usikubali kwenda mara moja tu, ukiwa kwenye pikipiki ya dalali, saa nne asubuhi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, uone wanafunzi wanavyovuka barabara na watu wanavyosubiri usafiri. Nenda usiku, kati ya saa mbili na saa nne, usikilize kama kuna baa, kiwanda cha kuchomelea vyuma au mashine ya kusaga inayofanya kazi hadi usiku. Nenda siku ya Jumapili watu wakiwa nyumbani. Na ziara ya nne, ambayo ndiyo niliyoikosa mimi, iwe siku ya mvua au asubuhi inayofuata mvua kubwa. Huku kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo anayenunua kati ya Juni na Oktoba ananunua akiwa haoni kitu muhimu kuliko vyote. Ikiwa huwezi kusubiri mvua, tazama alama zake: mstari wa tope kavu kwenye kuta za chini, mifuko ya mchanga iliyopangwa mlangoni, vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali moja au mawili, makorongo kando ya njia, na mitaro iliyochimbwa na wenyeji wenyewe. Jirani hachimbi mtaro kwa jembe lake bila sababu.

Zungumza na watu, na uzungumze nao kwa adabu ya hapa. Siku moja nilimsindikiza binamu yangu kuangalia nyumba, naye akaingia moja kwa moja kupima vyumba kwa hatua. Mimi nikabaki nje, nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa akiosha sufuria barazani, nikaketi kwenye ukingo wa baraza lake. Baada ya kuulizana habari za nyumbani nilimweleza kwamba mdogo wangu anataka kuhamia hapo. Alikaa kimya kidogo, akaendelea kusugua masizi kwa mchanga, kisha akasema, "Mjukuu wangu, maji hapa huja saa nane usiku. Anayelala hapati." Nyuma yake, ndani ya ua, nilihesabu ndoo 11 na mapipa mawili. Dalali alikuwa ametuambia kwamba maji yapo, na hakusema uongo.

Uliza pia kuhusu kelele za misimu. Shule zinapofungwa, hasa mwezi Juni na Desemba, ngoma za jando na unyago hulia katika mitaa mingi, nyingine hadi alfajiri, na mgeni anayehamia hapa anapaswa kuzipokea kama sehemu ya maisha ya watu aliowakuta, kwa kuwa hakuna mwenyekiti atakayezizuia kwa ajili yake. Malori ni jambo jingine. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, magari makubwa huelekea maghalani na bandarini, na miaka ya karibuni makaa ya mawe kutoka Ruvuma nayo yamekuwa yakisafirishwa kupitia bandari ya Mtwara. Ukinunua kando ya njia wanayopita, weka kidole juu ya dirisha la jirani mpya na uangalie rangi ya vumbi lake.

Ikiwa una nafasi, panga chumba katika mtaa huo kwa miezi mitatu kabla ya kununua. Kodi utakayolipa ni ndogo sana ikilinganishwa na thamani ya yale utakayoyajua.

Hatua ya tatu: maji

Nayatenga maji peke yake kwa sababu ndiyo yanayotofautisha mitaa ya mji huu kuliko jambo jingine lolote. Maji ya mamlaka, MTUWASA, yanategemea visima virefu vilivyo nje ya katikati ya mji, na presha yake hutofautiana kulingana na kimo cha mtaa na urefu wa bomba. Bomba kuwepo uani ni mwanzo tu wa uchunguzi. Fungua bomba mbele ya mwenye nyumba, halafu urudi siku nyingine kwa saa tofauti na ufungue tena. Omba kuona ankara za miezi sita iliyopita: ankara zenye matumizi ya kawaida zinaonyesha kwamba maji hutoka, na ankara zenye uniti moja au mbili kwa mwezi katika nyumba yenye watu saba zinaonyesha kwamba familia hiyo inaishi kwa maji ya kununua. Angalia pia kama kuna deni, kwa kuwa deni la maji hubaki kwenye akaunti ya nyumba hiyo na wewe ndiye utakayekatiwa.

Kisima uani ni faida, ila onja maji yake. Karibu na bahari, maji ya chini ya ardhi mara nyingi huwa na chumvi, na kadiri visima vinavyozidi kuchimbwa na kuvutwa kwa pampu, ndivyo chumvi inavyosogea ndani. Maji hayo yatafaa kwa choo na kudekia, lakini hayafai kupikia chai, hayafai kuchanganyia zege, na huharibu mabomba ya chuma na vichwa vya kuogea ndani ya muda mfupi. Pima kwa jicho umbali kati ya kisima na mashimo ya vyoo, la kwako na ya majirani. Katika mitaa iliyobanana nimewahi kuona kisima kilichochimbwa hatua sita kutoka shimo la choo la jirani, kukiwa na ukuta katikati, kwa hiyo mnunuzi aliyesimama uani hakuweza kuliona. Panda kwenye tofali, uchungulie upande wa pili.

Uwezo wa kuhifadhi maji nao una thamani ya fedha. Nyumba yenye tangi la lita 5,000 juu ya mnara imara, au tangi la chini ya ardhi linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye mifereji ya bati, inastahili bei kubwa kuliko nyumba inayofanana nayo isiyo na kitu hicho. Msimu wetu wa mvua ni mrefu kiasi kwamba paa la kawaida hujaza tangi hilo mara nyingi.

Hatua ya nne: umeme, gesi na barabara

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa zikipata umeme wa mitambo ya gesi ya Mnazi Bay iliyo hapa hapa Mtwara, nje ya gridi ya taifa, na tunakumbuka vipindi ambavyo mtambo mmoja ukiharibika mikoa yote miwili ilibaki na mgao. Waulize majirani wa mtaa huo hali ya mwaka huu, na uangalie kama nguzo na transfoma vipo karibu, kwa sababu nyumba inayovuta umeme kwa waya mrefu uliopita juu ya viwanja vya watu itakuletea gharama na ugomvi. Namba ya mita ya LUKU ikaguliwe deni, na ukumbuke kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia mita hiyo. Gesi asilia ya kupikia imeanza kuunganishwa katika baadhi ya nyumba za mji huu. Mtaa wenye bomba hilo una faida ya kweli, lakini usilipie leo ahadi ya bomba litakalokuja.

Kuhusu barabara, tambua nani anaitunza. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na hifadhi yake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Chukua kamba au tepu, upime mwenyewe, hasa kwa nyumba zilizoelekeana na barabara ya Mikindani au ya Naliendele. Barabara za ndani ya mitaa ziko chini ya TARURA. Katika maeneo ambayo hayajapimwa, njia unayoiona leo inaweza kuwa ni kiwanja cha mtu ambaye bado hajaamua kujenga, na siku atakapojenga gari lako litalala nje.

Hatua ya tano: huduma zilizo karibu

Hapa sitakawia. Andika orodha ya mahali ambapo familia yako huenda kila juma, kisha tembea kwa miguu kutoka nyumba hiyo hadi huko ukiwa na saa mkononi. Kwa afya, mji una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, lakini kwa mtoto mwenye homa usiku, zahanati au kituo cha afya cha kata ndicho kitakachokufaa kwanza, kwa hiyo uliza kama kinafunguliwa usiku. Kwa shule, ingia katika shule ya msingi ya mtaa na uhesabu watoto katika darasa moja. Elimu bila ada iliyoanza 2016 imeongeza wanafunzi kila mahali, na shule mbili zilizo umbali wa kilomita moja zinaweza kutofautiana sana. Kwa soko, angalia mboga na samaki wanafika saa ngapi na kwa bei gani. Mtaa ulio karibu na feri ya kwenda Msangamkuu hupata samaki wakiwa bado na magamba yanayong'aa. Pembezoni hufika mchana, na bei imeshapanda.

Anayefikiria kupangisha vyumba aangalie vyuo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, wa chuo cha ualimu na wa VETA hutafuta vyumba kila mwaka, na chumba chenye mlango wake na choo cha ndani hakikai bila mpangaji. Lakini nawasihi wanaonunua kwa matarajio ya wapangaji wa kampuni za gesi wawe waangalifu. Miaka ya 2011 hadi 2014 bei za viwanja hapa zilipanda kwa kasi kwa matumaini hayo, nyumba za wageni zikajengwa kila kona, na baadhi ya maboma yaliyoanzishwa wakati ule bado yamesimama na miti imeota vyumbani.

Hatua ya sita: nyumba yenyewe, na chumvi

Nenda na fundi unayemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali atasema nyumba ni nzima.

Adui mkubwa wa nyumba za pwani yetu ni chumvi, nayo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki sehemu kubwa ya mwaka, na kaskazi huishika nafasi yake kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo wote huo unapita juu ya bahari kabla ya kufika kwako. Shika nondo za dirisha la upande wa bahari na uzikwangue kwa ukucha. Rangi ikitoka na unga mwekundu ukabaki kidoleni, chuma kimeliwa chini ya rangi mpya. Panda ngazi hadi kwenye paa, uangalie misumari ya bati: kichwa cha msumari kilichooza huacha tundu lenye duara la kahawia, na mvua hupitia hapo hadi kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Bonyeza mbao za kenchi kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mbao zimeoza au zimeliwa na mchwa. Uliza kama kenchi zimefungwa kwa nondo au waya kwenye linta, ule mkanda wa zege ulio juu ya madirisha na milango. Aprili 2019 tulitangaziwa kimbunga Kenneth na watu wakahamia katika majengo imara; kimbunga kikaishia Msumbiji, lakini asubuhi ile wengi wetu tulitazama mapaa yetu kwa jicho ambalo hatukuwahi kuyatazama nalo.

Njia ya pili ni mchanga. Wapo wajenzi wanaofyatua matofali kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ni rahisi, na ukuta wa matofali hayo hautulii. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza kwenye plasta, kuanzia chini hadi usawa wa goti au kiuno, na rangi inayobabuka kwa magamba. Mwenye nyumba akipaka rangi juma moja kabla hujaja, dalili hiyo hujificha, kwa hiyo tazama nyuma ya makabati, ndani ya stoo na chini ya ngazi, mahali ambapo fundi wa rangi hakujishughulisha. Gusisha kidole ukutani kisha ukilambe. Ukuta wenye chumvi utakuachia ladha ya chumvi.

Mengine ni ya kawaida: nyufa zinazopita kwa mshazari kutoka kona za madirisha, sakafu iliyotitia, chemba zilizoziba, shimo la maji taka lililojaa. Fungua mfuniko wa shimo hilo, usikubali kuelezwa tu. Angalia pia madirisha yameelekea wapi. Nyumba ambayo vyumba vyake vya kulala vinapokea kusi ina usingizi mzuri kuanzia Mei hadi Oktoba bila feni, na nyumba iliyoegemeshwa kwenye ukuta wa jirani upande huo ni tanuri.

Kwa nyumba za mawe za Mikindani, ongeza mambo mawili. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukizipiga plasta ya saruji unafungia unyevu ndani na ukuta huanza kumong'onyoka, kwa hiyo tafuta fundi anayejua chokaa na uhesabu gharama yake mapema. Na kabla ya kuvunja au kubadilisha chochote, uliza halmashauri na ofisi ya mambo ya kale, maana nyumba ya urithi ina vizuizi ambavyo nyumba ya Mangamba haina.

Hatua ya saba: karatasi, na watu walio nyuma ya karatasi

Anza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanajua nani aliishi pale, nani alijenga na nani anagombana na nani. Uliza bila haraka, na ukitakiwa kulipa chochote, omba stakabadhi.

Kwa kiwanja kilichopimwa, omba nakala ya hati miliki na uende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote. Angalia muda wa umiliki, ambao hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na miaka iliyobaki. Angalia matumizi yaliyoandikwa, na deni la kodi ya pango la ardhi. Kisha mpeleke mpima ardhi akahakikishe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, ziko mahali pake, kwa sababu nimeshuhudia ukuta uliojengwa mita mbili ndani ya kiwanja cha jirani, na aliyeununua ndiye aliyeuvunja. Kwa kiwanja ambacho hakijapimwa, unachonunua ni hati ya mauziano iliyoshuhudiwa mtaani. Mkataba huo una uzito wake, ila si hati miliki, na bei inapaswa kuakisi tofauti hiyo. Uliza halmashauri kama eneo limo katika urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa rasmi, na kama mchoro wa mipango miji unapitisha barabara au shule juu ya nyumba unayoitaka.

Anayevutiwa na nyumba ya ufukweni asome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mandhari nzuri haimlindi mtu dhidi ya sheria hiyo.

Sasa watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mke au mume wa muuzaji asaini, na umwone kwa macho yako, umsikie akisema kwamba amekubali. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na akuonyeshe barua ya uteuzi. Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo wageni kutoka mikoa mingine hawalijui. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mali ya familia. Mahakama itamtambua msimamizi, lakini mjomba ambaye hakushirikishwa anaweza kukufungulia shauri au kukukalia barazani miaka mitano. Omba kikao cha familia. Keti nao mkekani, waeleze nia yako, na majina ya waliohudhuria yaandikwe kwenye mkataba kama mashahidi. Muuzaji anayekataa kikao hicho kwa kisingizio cha haraka, mwache aende na haraka yake.

Mkataba uandikwe na wakili wako. Gharama za uhamisho zijadiliwe kabla ya bei kufungwa: ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani, ada za usajili na uthamini, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji ingawa wengi hujaribu kumtupia mnunuzi.

Hatua ya nane: bei, msimu na malipo

Mji huu hupumua kwa korosho. Fedha za minada zinapoingia, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, wanunuzi ni wengi na wauzaji hawana shida. Kuanzia Machi hadi Julai, ada, pembejeo na dawa za kupulizia mikorosho huwabana watu, na mazungumzo huwa na nafasi zaidi. Kipindi hicho, kwa bahati njema, huanza mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo mnunuzi mwenye subira huona maji na hupata bei kwa pamoja. Nawaomba tu wanunuzi wasimkamue mtu anayeuza kwa sababu ya ugonjwa. Bei ya haki hulinda pia amani yako na ukoo wake.

Linganisha na nyumba tatu zilizouzwa karibuni katika mtaa huo huo, ukiuliza majirani na mtendaji badala ya dalali. Lipa kupitia benki, kwa jina lililo kwenye hati, kwa awamu mbili au tatu zilizoandikwa kwenye mkataba, awamu ya mwisho ikitolewa siku ya kukabidhiwa nyumba ikiwa tupu. Malipo ya dalali yaandikwe pia, na kiasi chake kijulikane kwa pande zote.

Baada ya kukabidhiwa, fanya mambo manne ndani ya juma la kwanza. Wasilisha nyaraka za uhamisho ofisi ya ardhi na utunze stakabadhi ya kuzipokea. Badilisha jina kwenye akaunti ya maji na mita ya umeme. Badilisha makufuli yote. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajiandikishe kama mkazi, na unaporudi pita nyumba tatu za kulia, tatu za kushoto na ile inayotazamana na yako, ujitambulishe kwa jina na kuwaambia kwamba umehamia.